Kirambo ni Chenu

Mama,

Nakuandikia kukueleza kwa nini ulikaa muda mrefu hivyo bila kupikiwa. Ungekuwa hai ungeniuliza hilo kabla hata ya salamu, kwa hiyo nami naliweka kabla ya salamu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu cha kuandika kina makosa, nawe hukuwa mtu wa kuliacha kosa lipite. Ni Jumapili mchana. Niko dukani kwangu hapa Mamboleo, mvua inanyesha, na hakuna mtu anayenunua misumari mvua ikinyesha.

Habari za nyumbani kwa ufupi. Baba yuko Usenge. Amepungua mwili, na suruali zake anazifunga kwa kamba kwa sababu hataki mkanda mpya. Shangazi Yunia huvuka ua kila siku kuja kumwangalia kama amekula, naye Baba humjibu kwamba amekula. Wote wawili wanajua si kweli. Kenge amekula kuku wako wawili, yule mwenye madoa na yule mkorofi. Jirani amerudisha sinia lako, baada ya kukumbushwa. Mimi, mume wangu na mtoto tu wazima. Sikulia siku ya mazishi wala baada yake, na watu walikuwa wananitazama kama maziwa yaliyo motoni, wakingoja tu yafurike. Nilikuwa na kazi ya kugawa vikombe, nikagawa vikombe.

Sasa lile jambo lenyewe. Tedo unaijua kuliko mimi. Mama yako alipofariki ulirudi kwenu Sondu ukampikia katika jiko lake mwenyewe, ukala na ndugu zako, ukarudi ukiwa mtu mwepesi. Kijaluo hakikujisumbua kuitafutia siku hiyo jina la fahari. Tedo ni kupika, basi. Mabinti walioolewa wanarudi, wanampikia mama yao mara ya mwisho, na wa kwanza kuzaliwa ndiye anayetangulia kupika. Mdogo akimruka mkubwa, hiyo ni chira, mkosi unaoitafuna nyumba polepole, na Shangazi Yunia ana mifano mingi ya nyumba zilizotafunwa.

Mungu alikupa wawili tu. Kwa hiyo mimi, Achieng', nilikuwa nyuma ya Atieno kwenye foleni ya watu wawili, na Atieno hakutaka kusogea.

Atieno ameokoka. Hilo ulilijua, ila tangu ufe wokovu umezidi. Anaishi Nakuru na mume wake, kanisa liko mlango wa pili, na redio yao haina stesheni nyingine. Nilipompigia simu kuhusu tedo alinijibu, "Achieng', mimi siwezi pikia mtu amekufa. Hiyo ni mambo ya giza. Mama yuko na Bwana, hana njaa." Nikamwambia hakuna mtu aliyesema una njaa. Akakata simu. Nilipiga tena na tena wiki zilizofuata, na kila mara aliniombea kabla ya kukata.

Nikaenda kumweleza Baba. Nilimkuta ameketi mlangoni pako, pale ulipokuwa ukichambua dagaa wa omena, na ugali wa Shangazi uko pembeni, umeganda. Nikadhani atafoka. Hakufoka. Alisema, "Bila Atieno hakuna. Mimi nitakaa tu." Nikamwambia ale kidogo. Akautazama ule ugali akasema, "Na nikienda kabla hajapikiwa, nitamwambia nini?"

Mimi si mtu wa kushtuka, Mama, lakini hapo nilishtuka. Nilielewa kwamba Baba ameanza kujiandaa kukutana nawe, na kinachomzuia ni aibu tu. Mtu hawezi kuishi kwa aibu siku nyingi. Nilirudi Mamboleo nikijua kwamba Atieno asipopika, nitamzika Baba pia.

Nilianza kufikiria kirambo kwa sababu nilikuwa na njaa, sitakuficha. Ilikuwa Jumapili, nikakumbuka Jumapili zetu katika ile nyumba ya kupanga hapa Mamboleo, kabla Baba hajaacha ufundi wa magari mkahamia Usenge. Unatoka kanisani, hubadilishi hata nguo, unajifunga leso juu ya gauni. Mimi naponda sukari nguru kwa jiwe. Mananasi ya Sondu yakiwapo ni mananasi, yasipokuwapo ni mapera au maembe. Matunda yanakaa chini ya sufuria, juu unamwaga ule unga wa ngano na wimbi uliosuguliwa na samli, unafunika, kisha unapanga makaa juu ya mfuniko kama vile kuna mtu anayesikia baridi. Tunakaa kusubiri harufu. Ikifika mlangoni, Baba anaacha kusoma gazeti. Ukoko wa pembeni, ule ulioungua kidogo, ulikuwa wake, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Kusugua unga ilikuwa kazi ya Atieno. Mimi ulinikataza. "Viganja vyako ni moto, Achieng', utaniletea tope." Ulikuwa unasimama nyuma yake na kurudia maneno yale yale kila Jumapili: "Ncha za vidole! Nataka mchanga, sitaki tope." Naye anasugua mpaka samli inapotea ndani ya unga na unga unakuwa kama mchanga wa ufuoni. Nilikuwa namwonea wivu kwa hivyo vidole vyake vya baridi. Jumapili ile, baada ya kumkumbuka, nilijaribu mwenyewe jikoni kwangu. Nikapata tope. Mume wangu alikula akanyamaza, na huyo hanyamazi kwa chakula kizuri.

Ndipo nikakumbuka jambo lililonitokea siku ya mazishi yako, nikalitazama upya.

Siku ile nilikuwa napita na sinia la vikombe. Kaka yako, Mjomba Ouko, akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu ya msiba, "Achieng', na ile chakula yenu ya huku Usenge, kirambo, leo hakuna?" Nikamwambia hakuna. Nikapiga hatua chache, Shangazi Yunia naye akanivuta: "Umeona watu wa Sondu? Wamekuja mikono mitupu. Hata kirambo yao hawajaleta." Nikasimama pale na vikombe. Maisha yangu yote nimejua kirambo ni chakula cha kwenu, Sondu. Ndivyo ulivyotuambia. Na kumbe kwenu umewaambia ni chakula cha kwetu.

Unakumbuka ile insha ya shuleni, Chakula Nikipendacho? Niliandika kirambo, na katika wingi nikaandika virambo, kama ilivyo kitabu na vitabu. Mwalimu wa Kiswahili akapiga mstari mwekundu juu ya kila kirambo, akaandika kwamba neno hilo halipo. Nilirudi nyumbani nikilia. Wewe ulilitazama daftari, ukasema, "Huyo mwalimu ni mtu wa Pwani. Hajafika Sondu." Nikamhurumia mwalimu.

Atieno ndiye aliyenieleza, jioni ile ya mazishi, kabla hajaondoka. Yeye ni wa kwanza, aliyaona mambo kabla sijazaliwa. Alishangaa sijui. "Wewe kumbe hujui? Si ni krambo! Ya Bi Helena." Nilijua ulikuwa mpishi wa Bi Helena, yule mwalimu mzee wa ng'ambo aliyekuwa na nyumba Milimani. Sikujua chakula kilitoka kwake. Atieno alikuwa akikaa kwenye ngazi ya jiko lake akila mabakuli ya krambo ya matofaa, yenye siagi, kutoka kwenye jiko kubwa la umeme. Kwa Kiingereza ni crumble; ulimi wetu wa Kijaluo haukuipenda hiyo kra, ukaitilia i katikati, na kirambo kikapatikana. Kwa kuwa kilianza na ki, Kiswahili kikakipokea kama mtoto wake, kikakipa wingi.

Na uongo nao alinieleza, kama ulivyomsimulia mwenyewe. Ulipokipika Usenge mara ya kwanza ulikuwa bibi arusi mgeni. Mama mkwe akauliza hii ni nini. Ungesema ni upishi wa mwajiri wangu, wangesema huyu anajiona mzungu. Ukasema ni chakula cha kwetu. Na nani atakataa chakula cha kwao bibi arusi? Ulipokwenda Sondu na sufuria ile ile, ndugu zako nao wangesema umewaletea makombo ya Bi Helena. Ukasema ndivyo wanavyokula kwa mume wangu. Na nani atakataa chakula cha shemeji? Umekufa na pande zote mbili zinaheshimiana kwa kitu ambacho hakuna upande ulio nacho. Nakupa heko. Mimi nauza rangi na saruji kila siku na siwezi kuuza kitu kimoja kwa watu wawili hivyo.

Basi nilimpigia simu Atieno tena. Safari hii sikuitaja tedo. Nilimwambia, "Njoo Usenge upike kirambo." Sikumpa nafasi ya kuniombea. Nikamwambia, "Kirambo si mila ya mtu yeyote. Unajua kilikotoka. Kina giza gani?" Nikasikia redio yake inaimba. Mwishoni akauliza, "Na Shangazi Yunia je?" Nikamwambia Shangazi niachie mimi.

Shangazi alikuwa na swali moja: kuku wangapi? Nikamwambia hakuna kuku. Mama alikuwa mtu wa Sondu, mabinti zake wanataka kumpikia cha Sondu. Alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. Ugali usipokuwapo, kwa Shangazi watu hawajala, wamecheza. Lakini akasema, "Hiyo ni haki yake. Mtu hawezi nyimwa chakula ya kwao." Sikumdanganya, Mama. Nilinyamaza mahali pazuri tu, na hilo nililirithi.

Atieno alifika Jumamosi asubuhi na mkoba wenye Biblia na kilo mbili za samli. Hatukukumbatiana sana. Aliingia jikoni kwako, akasimama mbele ya unga, akauombea. Aliuombea mpaka makaa yakaanza kufifia, nikalazimika kuyapepea huku nimefumba macho. Alikemea kila kitu ambacho huenda kingekuwa ndani ya wimbi. Kisha akakunja mikono ya gauni, akaanza kusugua, na bila kugeuka akasema, kwa sauti yako kabisa, "Nataka mchanga, sitaki tope."

Nilikata mananasi.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka pikipiki iliposimama langoni. Alikuwa Mjomba Ouko, na nyuma yake gunia la mananasi. Alikuwa amesikia dada yake anapikiwa, akaona si vizuri Sondu isiwepo. Mimi sikumwalika. Nilikuwa nimehakikisha kwamba sikumwalika. Nilimtazama akishuka, nikaona kila kitu kinaanguka: Mjomba atasema kirambo ni cha Usenge, Shangazi atauliza ni cha nani basi, jibu litatoka, naye atasema chakula kisicho na kwao hakiwezi kuwa tedo. Atieno atachukua mkoba wake arudi Nakuru. Na Baba atarudi mlangoni kukaa tu.

Ningemwambia nini Mjomba? Ningemvuta kando nimwambie dada yako aliwadanganya miaka yote hii, siku anayopikiwa? Nilimpa kiti.

Sufuria ikafunguliwa. Harufu ikatoka, Mama, ile ile. Mjomba ndiye mgeni, kwa hiyo Shangazi akampakulia yeye kwanza, akampa sahani kwa mikono miwili na kusema kwa adabu zake zote, "Karibu, mkwe. Chakula ni chenu."

Mjomba akapokea kwa mikono miwili. "Aa, hapana, mama. Ni chenu."

"Ni chenu, mkwe. Sisi tunakula tu."

"Mama, mimi siwezi kubali. Hii ni chenu kabisa. Sisi ndio tunakula."

"Chenu!"

"Chenu!"

Na wazee waliokaa ukutani wakaanza kutikisa vichwa kwa furaha. Mmoja akasema kwamba siku hizi hakuna tena wakwe wenye heshima kama hawa. Shangazi akakubali kushindwa, Mjomba naye akakubali kushindwa, wakacheka, wakala. Kila mmoja alikuwa amesema ukweli kama anavyoujua, na kila mmoja alidhani mwenzake anajishusha.

Nilimtazama Atieno. Alikuwa amejiziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. Nilitaka kucheka na mimi. Nilikwenda nyuma ya jiko nicheke vizuri, na badala ya kicheko nikalia. Nililia kwa sauti, kama mtoto, nimeshika ukuta. Nilikuwa nataka kukusimulia, Mama. Hilo tu. Lilikuwa jambo la kuchekesha kuliko yote yaliyowahi kutokea katika nyumba hii, nawe ndiye mwenye kichekesho, na nilikuwa siwezi kukusimulia. Nilikukasirikia kwa kufa. Bado nimekukasirikia kidogo. Atieno akanifuata, akasimama karibu nami na mikono yake ya unga, hakuomba. Akanishika viganja. Vyake vilikuwa baridi vile vile.

Tuliporudi, Baba alikuwa na sahani magotini. Nilimkwangulia ukoko wa pembeni, ule ulioungua, nikamwekea. Akatafuna polepole. Akala wote, akanipa sahani nimwongezee. Nilipoinama kuichukua akaniambia kwa sauti ndogo, macho yake yako kwenye lango, "Ile ya mwalimu ilikuwa na mdalasini. Hii ya mama yenu ndio nzuri."

Nikabaki nimeinama pale. Baba ndiye aliyekuwa akitengeneza gari la Bi Helena. Mlango wa nyuma wa jiko la Milimani ndipo alipokuona mara ya kwanza, na kumbe hakuondoka pale na njaa. Alijua tangu siku ya kwanza mama yake alipouliza hii ni nini, nawe ukajibu ni chakula cha kwetu. Alikuwa ameketi pale pale na hakusema kitu. Sijui kama ulijua kwamba anajua. Sikumuuliza. Nilimwongezea kirambo.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu, kwa kuwa mkubwa ameshatangulia. Nilipika ugali na samaki wa mbuta, ili Shangazi aone watu wamekula. Baba alikula ugali. Si mwingi, lakini sufuria iliona mkono wake. Wiki hii Shangazi amenipigia simu kulalamika kwamba Baba anamaliza sukari.

Nimekuwa nikikifikiria kirambo hapa dukani. Matofaa ya Bi Helena uliyatoa, ukatia mananasi ya kwenu. Siagi yake ukatia samli. Sukari yake ukatia nguru, unga wake ukauchanganya na wimbi, na jiko lake la umeme ukalibadilisha kwa makaa. Kilichobaki chake ni jina, na hilo nalo tulilivunja. Labda hukudanganya sana.

Mvua imekatika na kuna mtu mlangoni anataka kufuli, kwa hiyo niage. Atieno amesema atanifundisha kusugua. Kwanza, anasema, nitie viganja kwenye maji ya kisima mpaka vipoe. Nitajaribu. Nakuahidi hivi: watu wa Usenge wakiniuliza, kirambo ni cha Sondu. Watu wa Sondu wakiniuliza, ni cha Usenge. Na mjukuu wako akirudi kutoka shuleni na mstari mwekundu juu ya virambo, nitamwambia mwalimu wake hajafika kwetu.

Pumzika sasa, Mama. Umepikiwa.

Binti yako wa viganja vya moto,
Achieng'